Afishi Yenye Sura ya Papa

Papa, baba yetu, alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka juu ya sanduku, tukakosa. Si kwamba nyumbani hapakuwa na picha. Zilikuwapo za ubatizo, za komunyo, ya Maman akiwa msichana kule Bukavu na nywele zake zimesukwa kwenda juu kama mnara. Lakini Papa hakuwamo. Kila mara familia ilipojipanga yeye ndiye aliyeshika kamera, au alikuwa "ametoka kidogo". Mwishowe kaka yangu Espoir alifungua kompyuta yake, akapekua kwa muda mrefu, kisha akanigeuzia kioo. Papa alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yetu ya Gihundwe, ameinua taa ya chemni, anatutazama moja kwa moja. Tukaichapisha hiyo.

Siku ya mazishi shangazi yetu wa Rwimbogo aliitazama picha ile, akaja kuninong'oneza: "Furaha, juu ya nini papa yako anashika taa sawa muntu mwenye anaenda kufungulia mugeni?" Nikamtazama Espoir. Espoir akanitazama. Tukaangua kicheko palepale kando ya sanduku, watu wazima wawili wenye watoto wao, hadi majirani wakadhani huzuni imetupanda kichwani. Shangazi sikumjibu. Ingebidi nianze na filamu ya kutisha, na padri alikuwa ameshafungua kitabu.

Uso wa Papa ulikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto ulikuwa kama wa watu wengine: shavu, nyusi, ndevu alizozinyoa Jumamosi. Upande wa kulia ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa, kama nailoni iliyopitiwa na pasi yenye moto mno. Sikio la upande huo lilikuwa dogo, limekunjamana kama uyoga mkavu, na jicho lilifunguka nusu tu. Leo najua kwamba aliungua kabla sijazaliwa. Wakati ule sikujua. Hakuna aliyenificha, ni kwamba hakuna anayemketisha mtoto na kumweleza uso wa baba yake, kama vile hakuna anayemweleza kwa nini mlima uko pale ulipo.

Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Niliamini kwamba baba wote wana pande mbili, mmoja laini na mmoja wa mikunjo, na kwamba wengine wanaficha ule wa pili. Baba ya jirani yetu alikuwa na ndevu nyingi. Nikajua ameuficha chini ya ndevu. Katekista alivaa kofia iliyoshuka hadi masikioni. Nikamwonea huruma kwa kujibana vile. Papa yetu hakujificha, nikaona fahari. Nilipolala mapajani mwake niliweka kiganja changu upande wa kulia, kwa sababu ule ndio uliokuwa na njia za kufuata kwa kidole: mto mmoja ulioshuka kutoka jichoni, milima miwili midogo, na bonde laini karibu na mdomo ambalo lilikuwa la moto daima, hata asubuhi za ukungu.

Alikuwa fundi wa kushona nguo, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja karibu na soko la Kamembe. Aliiweka kwa namna ambayo wapita njia waliona upande wa kushoto peke yake, na ule wa kulia ukabaki ukutani. Nilidhani anafuata mwanga. Pia nilijua kwamba Maman akitaka kuwasha jiko Papa hutoka nje, anatazama ziwa na mabati ya Bukavu yanayometa ng'ambo, harudi mpaka moto ushike. Nilidhani wanaume wote hawapendi mambo ya jikoni.

Espoir wakati huo alikuwa anamaliza sekondari. Shuleni kwao kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wapenda sinema, na mwaka ule waliamua kutengeneza filamu yao wenyewe kwa kamera ya kuazima. Mkubwa wao alikuwa Bosco, rafiki wa Espoir tangu wadogo, kijana mwenye sauti nene na mikono isiyotulia. Filamu iliitwa *Mugeni wa Mvua*. Hadithi yake ilikuwa fupi: kila mvua kubwa ikinyesha, mgeni hubisha hodi kwenye nyumba moja ya mtaa, na nyumba ikifungua, asubuhi wenyewe hawaonekani. Sehemu kubwa waliipigia uani kwetu. Hapa Rusizi mvua haiombwi, lakini siku waliyoihitaji jua liliwaka kwa ukaidi, ikabidi wamimine maji ya jerikani juu ya bati huku mimi nikishikilia ngazi. Nililowa kuliko waigizaji. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Filamu ilipokwisha ikabaki afishi, bango la karatasi la kubandika ukutani ili watu waje kutazama. Kazi hiyo alipewa Espoir kwa sababu alijua kuchora. Kwa siku kadhaa meza yetu ya kulia ilijaa karatasi. Kwanza alichora fuvu. Kisha mkono wenye kucha ndefu. Kisha herufi zinazochuruzika damu, nyingi hata Maman, aliyekuwa anachambua visamaki vya sambaza, aliinua macho na kuuliza: "Hii ni afishi ya filme ao ya fasi banachinjia ngombe?"

Espoir akachana karatasi ile. "Iko sawa zingine zote," akasema. "Fuvu haiogopeshe muntu tena. Hata Furaha haiogope."

Ilikuwa kweli. Fuvu lile nililipaka rangi ya njano na kulichorea kofia.

Siku moja mchana Bosco alikuja. Maman hakuwapo, Papa alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, na wao wakakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilisikia kila neno.

"Mi niko na wazo," Bosco alisema. "Afishi inaomba sura. Sura ya mugeni. Na sura tuko nayo hapa."

"Ya nani?"

"Usikasirike. Ya papa yako. Tunakamata ule upande tu. Bantu bataogopa bila hata kumupaka kitu."

Nikasikia Espoir akiinuka ngazini. "Bosco, enda kwenu."

"Mais ni sinema! Siko namutukana."

"Enda kwenu."

Mimi sikusikia tusi wala ugomvi. Nilisikia kwamba kati ya sura zote za Kamembe na Gihundwe, sura ya Papa ndiyo imechaguliwa. Nilitupa nguo kwenye beseni nikakimbia. Ule mteremko na ule mpando niliipita sijui vipi. Pikipiki zilinipigia honi, na mama muuza maparachichi akanifokea. Nilifika barazani ninahema, Papa akiwa katikati ya kushona suruali ya mtu.

"Papa! Banataka sura yako! Kwa afishi!"

Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani. "Nani anataka?"

"Bosco. Alisema banatafuta sura ya mugeni mwenye anabisha. Alisema banachukua ule upande," na nikamgusa shavu la kulia ili aelewe ni upi, "alisema bantu bataogopa bila hata kukupaka kitu!"

Mguu ulisimama. Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likatulia. Papa alikata uzi kwa meno, akaikunja suruali ile polepole ingawa ilikuwa bado haijaisha, akaiweka magotini na kuipapasa. Nilingoja acheke. Mwenye duka alitokeza kichwa kuuliza kuna nini, Papa akamjibu kwamba hakuna kitu, mtoto amekuja kumsalimia. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jioni ile alirudi mapema. Alinawa, akavaa koti lake la kwenda misa, akaketi kwenye kiti sebuleni. "Espoir," akaita, "leta ile kamera."

Espoir alisimama mlangoni, uso umemwiva. Alinitazama, akaelewa habari imepitia wapi. "Papa, hapana. Ile ni maneno ya Bosco."

"Ni nani anatengeneza afishi? We ao Bosco?"

"Ni mimi. Na mi sitaki."

"Mi nataka." Papa alizungusha kiti hadi upande wake wa kulia ukaelekea dirishani, pale mwanga ulipokuwa unaingia. "Sura hii naibeba miaka yote, haijafanya kazi hata siku moja. Iache ifanye. Piga."

Papa hakuwa mtu wa kuamuru. Labda ndiyo sababu Espoir alitii. Alipiga picha moja, akatoka nje na kamera, na chakula cha jioni hakukigusa.

Jumamosi Espoir aliniacha nifuatane naye shuleni, kwa vile Maman alikuwa sokoni na nyumbani hapakuwa na mtu. Chumba cha kompyuta kilinuka vumbi la moto na viatu. Bosco alikuwa ameshaiona picha. Espoir alikuwa ameileta kwa sababu Papa alikuwa amemuuliza asubuhi, mara mbili, kama haijasahauliwa. Bosco akakaa mbele ya mashine, wengine wakamzunguka, na mimi nikapanda juu ya benchi ili nione. Alikata picha katikati, kutoka paji la uso hadi kidevuni. Upande wa kushoto ukatoweka. Kilichobaki akakitia giza, akalifanya jicho kuwa jeupe kabisa, akanyoosha mgongo.

"Ona," akasema. Msichana mmoja akafunika mdomo. Mwingine akacheka kile kicheko cha mtu anayetetemeka.

Mimi nilitazama kwa muda kabla sijaelewa ni nani. Niliujua ule mto na ile milima miwili. Lakini uso ulikuwa umekatwa, na penye upande mwingine palikuwa na weusi tu. Katika akili yangu ya wakati ule kitu kilichofanywa kwenye picha kiliweza kumpata mtu mwenyewe. Nikaona Papa barazani kwake, wakati uleule, akiwa nusu. Nikapiga ukelele.

"Mumemukata! Mumemukata Papa! Upande mwengine iko wapi?"

Espoir alinichukua benchini. Nilikuwa nalia hata siwezi kuvuta pumzi. Alinibeba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaifuta ile picha, Bosco akipiga kelele kwamba wiki ijayo ukumbi umeshapangwa, kwamba mzee mwenyewe alikubali.

"Alikubali kwa ajili yangu," Espoir alisema. "Haikuwa kwa ajili ya afishi."

Njiani alininunulia andazi na tukapitia barazani kwa Papa ili nimwone. Alikuwa mzima, pande zote mbili. Nilimshika mashavu yote kwa viganja nikahakikisha.

Ningeweza kuishia hapo, na kaka yangu angebaki shujaa. Lakini jioni, tulipokuwa mezani, Papa aliuliza afishi imefika wapi.

"Ile picha hatutaitumia," Espoir akasema.

"Ilitoka mubaya?"

"Hapana. Ilitoka muzuri."

"Alors, sababu gani?"

"Sitaki tu, Papa."

Papa aliweka kijiko chini. Alitazama sahani yake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Unasikia haya juu ya sura yangu."

"Hapana, Papa!"

"Miaka yote sijawahi kufika kwenu ku masomo. Hata siku ya kupewa bulletin ya matokeo ni mama yako njo anaenda. Mi nasemaka ni kazi. We unajua haikuwa kazi. Hakuna neno." Akageuza kijiko juu ya meza. "Mais nilikuwa najiambia, hii mara moja, sura hii itasaidia mutoto wangu. Kumbe hata kuogopesha haitoshi."

Espoir aliinuka akatoka. Mimi nilibaki nikimtazama Papa na sikuelewa: walitaka kumweka, akanyamaza; hawakutaka kumweka, akaumia. Nilidhani ni lazima kuwe na jibu moja sahihi kama kwenye hesabu, na kwamba wakubwa wamelikosa kwa uzembe.

Maman alimfuata Espoir nje, nami nikamfuata Maman. Kaka alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. Maman alikaa kando yake, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Maman, mi nilikuwa namulinda."

"Najua. Mais bantu wote banamulinda vile. Hata mimi. Banageuza macho pembeni ili asione kama banamuona." Akamwekea mkono begani. "Kila mara bananiuliza kama sikumbuki sura yake ya zamani. Sikumbuki. Nikifunga macho ninaona hii tu. Hii njo sura ya bwana yangu. We piga picha yake vile mi ninamuona, halafu uone kama ataumia."

Usiku huo sijui Espoir alifikiri nini. Ninachojua ni kwamba Jumapili baada ya misa alimkuta Papa uani, akachuchumaa mbele yake kama anavyofanya mtu anayeomba ruhusa ya kuoa.

"Papa, nataka kukupiga picha ingine. Yote. Pande zote mbili."

"Juu ya kuogopesha nani?"

"Hauogopeshe muntu. We hauko mugeni. We ni mwenye nyumba." Espoir alianza kuongea haraka, mikono ikichora hewani. "Mugeni aliko inje, anabisha. We unafika ku mulango na taa. Mwenye ataangalia afishi, atakuwa amesimama fasi ya mugeni. Ataona muntu muzuri anaenda kumufungulia. Hataogopa wewe, Papa. Ataogopa kwa ajili yako."

Papa alifikiri. Kuku walipita katikati yao. "Na batajua namna gani kama mi njo muzuri?"

"Juu unafungua mulango," Espoir akasema.

Nilimwona Papa akicheka kwa pua, kile kicheko chake cha upande mmoja. Akaenda kuvaa koti. Espoir akamwambia avue koti, avae lile shati lake la kazi lenye sindano kifuani.

Walipiga picha alasiri, mlango wa mbele ukiwa wazi na sebule imefungwa mapazia iwe giza. Espoir alitaka mwanga utoke chini, katikati ya kifua, ili upande mmoja usimezwe na kivuli. Alileta taa ya chemni iliyokuwa imening'inia stoo, akaipangusa, akaijaza mafuta. Alipotoa kiberiti, Papa alirudi nyuma hatua moja. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Maman alisimama kati yao palepale.

"Hapana moto."

"Maman, bila moto hakutakuwa mwanga ya..."

"Nimesema hapana moto."

Espoir alitazama kiberiti mkononi mwake kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Akakitia mfukoni. Akamwaga mafuta, akatoa utambi, na ndani ya kioo akaingiza tochi ndogo. Mwanga ukawa mweupe, mkali, wa hospitali. Tukatafuta dawa. Mimi ndiye niliyetumwa kwenye mfuko wa vitambaa vya Papa, na tukajaribu rangi baada ya rangi: ya kijani ilimfanya kama mgonjwa, nyekundu ikaturudisha kwenye fuvu. Mwishoni kipande cha bitana ya rangi ya asali, kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, kikazungushwa kwenye tochi. Mwanga ukalainika, ukapanda kwenye shati, ukafika kwenye kidevu na kugawanyika sawasawa. Papa aliinua taa. Mkono wake ulitulia.

"Angalia kamera, Papa. Mugeni aliko hapa kwangu."

"Ni nani huyu mugeni?"

"Haujui. Njo maana unataka kumuona."

Papa akatazama. Sijui alikuwa anamtazama nani. Upole uliokuwa usoni mwake nilikuwa nimeuona nikiamka na homa, yeye akiwa ameinama juu yangu. Lakini sasa palikuwa na mlango wazi mbele yake, na kitu kilichokuwa nyuma ya kamera kilimjua yeye kuliko alivyokijua. Nikamwambia Maman nataka kuingia ndani.

Zikabaki herufi. Na zile zinazochuruzika damu Espoir alikuwa ameshaagana. Alimwomba Papa ashone jina la filamu kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheusi, kisha wakipige picha na kukiweka chini ya bango. Papa alishona kama anavyoshona kola ya shati la harusi, kila herufi imenyooka, na akafika mwisho akachukua mkasi ili asafishe ncha za nyuzi.

"Usikate!" Espoir akamshika mkono.

"Nitoe kazi yenye nyuzi? Bantu batasema nini?"

"Hizi njo damu yenyewe, Papa. Acha zianguke."

Papa alizitazama nyuzi zile zikining'inia kutoka kila herufi, ndefu na fupi. Nilimwona anateseka. Mara mbili alipodhani Espoir hatazami aliinyoosha mikono kuelekea mkasi. Hatimaye akasimama, akaenda kutazama ziwa.

Duka la fotokopi la Kamembe lilichapa nyeusi na nyeupe peke yake, kwa hiyo uzi mwekundu ukatoka kijivu. Nikapewa kalamu nzito nyekundu na kazi ya kupitisha rangi kwenye herufi za kila nakala. Nilikaa sakafuni mchana kutwa, ulimi nje, harufu kali ya wino ikinipanda puani. Mahali fulani nilitoka nje ya mstari. Espoir akasema nao ni uzi.

Bosco alikuja kuzichukua akiwa bado amenuna. Alisimama mlangoni na afishi mikononi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mikono yake ilitulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mais huyu..." akasema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Mi nataka kumuambia asifungue."

Papa alikuwa ndani, akasikia. Alitoka, akamsalimia, na Bosco akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu alichokiangusha. "Mzee, unisamehe." Papa akamuuliza kama suruali yake haijambana miguuni, mbona amerefuka hivyo.

Tulizibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, kwenye njia yote kutoka shuleni hadi sokoni, na moja kubwa kwenye mlango wa ukumbi. Siku ya kuonyesha filamu Papa alivaa koti lake. Maman aliuliza kama anasindikiza tu. Alijibu kwamba anaingia. Alinishika mkono, na jinsi tulivyokaribia shule ndivyo kiganja chake kilivyozidi kulowa.

Mbele ya ukumbi watu walikuwa wengi, wanafunzi na wazazi na wale waliokuja kwa sababu ni bure. Msichana mmoja mdogo, mdogo hata kuliko mimi, alikuwa amesimama chini ya afishi na dada yake. Aliitazama picha. Akageuka akamwona Papa. Akatazama picha tena.

"Papa, ni wewe uko hapa?" akauliza, kama watoto wa kwetu wanavyomwita kila baba.

"Ni miye."

"Na sura yako ilifanya je?"

Dada yake alimvuta, akaanza kuomba radhi. Watu waliokuwa karibu wakageuza macho pembeni wote kwa pamoja, kama Maman alivyosema. Papa akainua mkono. "Muache." Akachuchumaa hadi akalingana naye, koti lake zuri likigusa vumbi.

"Niliwasha jiko ya mafuta ya taa. Mwenye aliniuzishia alikuwa ametia ndani esanse, ile petroli ya gari, mi sikujua. Moto ikaruka."

"Iliuma?"

"Iliuma sana."

"Na sasa?"

"Sasa haiumi."

Nilikuwa nimeshika upindo wa koti lake. Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilimtazama baba mmoja aliyekuwa amesimama pale, kisha mwingine, wenye ndevu na wasio na ndevu, nikaelewa kwamba hakuna aliyekuwa anaficha chochote. Ni Papa peke yake. Kulikuwa na siku kabla, na kulikuwa na siku yenyewe, na mimi sikuwapo kumshika. Machozi yakanitoka kwa moto uliokuwa umezimika kabla sijazaliwa. Papa aliyaona, akayafuta kwa kidole gumba, na hakuniuliza ni ya nini.

Yule mtoto alikuwa bado anafikiri. Akanyoosha kidole kwenye afishi. "Na ule mwenye anabisha, ulimufungulia?"

Papa aliinua uso akaitazama picha yake mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza kwa kweli, taa, shati la kazi, pande zote mbili.

"Sijui, mama," akasema. "Na mimi hawakuniambia. Kuya, twende tuangalie."

Akampa mkono mmoja, mimi nikashika wa pili. Espoir alikuwa mlangoni ameshikilia blanketi lililotumika kama pazia. Alilinyanyua juu zaidi kuliko ilivyohitajika, akageuza uso wake upande. Tukapita katikati ya watu wote, tukaenda hadi mbele, Papa akakaa kwenye benchi ya kwanza.